Maneno Tunayomwachia Mgonjwa Mgongoni

"Daktari, nikipiga chafya kwa nguvu, haiwezi kukatika?"

Mama aliyeniuliza alikuwa bado amesimama. Nilishamkaribisha kiti, akakitazama, akasema atasimama tu.

"Kukatika nini, mama?"

"Uti wa mgongo."

Kifuani alikumbatia bahasha kubwa ya kaki, pembe zake zimelegea kwa kutolewa na kurudishwa kabatini miaka nenda rudi. Ndani mlikuwa na picha za eksirei alizopigwa kwenye kliniki nyingine. Jina la tatizo lake hakulikumbuka. Kama aliwahi kupewa mazoezi, nayo hakuyakumbuka. Alichokumbuka ni sentensi moja: uti wako umesagika, uwe mwangalifu sana.

Naye akawa mwangalifu sana. Akiangusha kitu, anaita watoto wamwokotee. Usiku analala chali, hathubutu kugeuka mpaka ashike ukingo wa kitanda. Akihisi chafya inakuja, anatafuta meza ya kuegemea.

Nilimpima. Nguvu za miguu zilikuwa sawa, hisia za ngozi sawa, magoti yakiruka vizuri nilipoyagonga kwa kinyundo. Kisha nikamwomba apande kitandani, apige magoti, aweke viganja mbele yake, halafu akalie visigino taratibu huku mikono imebaki mbele. Akafanya, pole pole, akipumua kwa sauti. Kichwa kikashuka kati ya mikono. Mgongo wake wote, kuanzia kiunoni hadi mabegani, ukawa umejipinda kama upinde.

"Unaumia?"

"Panavuta kidogo."

"Mama, hapo ulipo umeinama. Umeinama kuliko mtu anayeokota kitu sakafuni."

Hakujibu. Alibaki vile vile, paji la uso likiwa limegusa kitanda, kwa muda mrefu kuliko nilivyomwomba.

Maumivu yake yalikuwa ya kawaida, ya aina ninayoiona kila siku. Kilichomfunga ni sentensi. Na sentensi hiyo alipewa na mtu aliyevaa koti kama langu, ambaye huenda aliisema huku akiandika, akawaza mgonjwa anayefuata, akaisahau kabla ya saa sita mchana.

Jambo hilo limenikalia rohoni kwa majuma.

## Picha haisemi yenyewe

Picha za mama yule zilionyesha nini? Nafasi kati ya pingili mbili za chini imepungua, na kingo za mifupa zimeota vinundu vidogo. Kwa umri wake ningeshangaa zaidi kama visingekuwapo.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, wakaangalia picha zao zinaonyesha nini. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski, yaani vile vito laini vilivyo kati ya pingili, zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Diski zilizovimba kwa nje zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao wa miaka 20, na asilimia 84 ya wazee wa 80. Narudia: hawa ni watu wasioumwa.

Basi mtu anapoingia na maumivu, akapigwa picha, ikaonekana diski imevimba, hatujajua bado kama diski hiyo ndiyo inayomuuma. Pengine ilikuwa hivyo miaka kumi iliyopita alipokuwa akicheza mpira. Sisi tunaofanya kazi ya kairopraktiki, yaani kutibu mgongo na viungo kwa mikono, tunalijua hili. Tatizo ni kwamba picha ina nguvu kubwa mno mezani. Ukiiwasha kwenye kioo chenye mwanga, ukaelekeza kalamu mahali palipo na kivuli, mgonjwa amekwisha kukuamini kabla hujafungua mdomo. Ukitaka kumtisha ili arudi, hiyo ndiyo dakika yake. Kusema uongo si lazima. Inatosha kunyamaza pale ambapo ulipaswa kusema, "hali hii ipo kwa wengi wasioumwa."

Kunyamaza huko kunanisumbua kuliko uongo wenyewe, kwa sababu hakuna anayeweza kukushtaki nako.

Siku hizi naanza na mtu, picha baadaye. Kwanza nampima, namwonyesha anachoweza kufanya kwa mwili wake mwenyewe, ndipo nifungue bahasha. Na ripoti nikiisoma, naisoma kwa maneno ya umri: "hizi ni mvi za uti wa mgongo." Wengi hucheka kidogo hapo, na mabega yao yanashuka.

Pale ukutani penye chumba cha kusubiri palikuwa na bango lile tunalolijua sote, lenye uti wa mgongo katika hatua nne za kuchakaa, wa kwanza mweupe na wa mwisho mwekundu na umebomoka. Nimelitoa. Mtu anayekaa chini ya bango lile robo saa huku kiuno kinamuuma amekwisha kujipangia hatua yake kabla sijamwita.

## Kuhusu mlio

Hapa ndipo nilipopata shaka kubwa zaidi.

Mgonjwa analala ubavu, namshika bega na nyonga, nasukuma haraka kwa umbali mfupi, na kiungo kinalia: ko! Anainuka, anajinyoosha, macho yameng'aa. "Umerudi! Nimeusikia ukirudi mahali pake."

Hakuna mfupa uliorudi, kwa kuwa hakuna uliokuwa umetoka. Ndani ya kiungo kuna majimaji ya kulainisha. Nyuso za kiungo zikivutwa ghafla, shinikizo linashuka na uwazi wa gesi unajitokeza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta vidole vya mtu ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, wakaona uwazi huo ukitokea wakati ule ule mlio unapotoka. Ni mlio ule ule unaousikia ukialisha vidole. Na ndiyo maana kidole kilicholia hakilii tena papo hapo; unasubiri kama dakika 20.

Sasa, je, nimwambie? Ameinuka ana furaha. Imani yake yenyewe inamsaidia. Hilo haliko kwenye ubishi, mwili unaoamini kwamba umetibiwa hulegea. Nikimweleza habari za gesi, si nitakuwa nimemnyang'anya nusu ya nafuu aliyoipata?

Nililizungusha swali hilo muda mrefu. Lililonikata shauri ni kumsikiliza mgonjwa huyo huyo anaporudi. Hasemi "naumwa tena." Anasema "umetoka tena." Kama mfupa uliweza kurudi, basi unaweza kutoka, na anayeweza kuurudisha ni mimi peke yangu. Kila anapoamka amekakamaa, anajiona amevunjika upya. Furaha ya siku moja inalipiwa kwa hofu ya miaka, na hofu hiyo inaniingizia pesa.

Siwezi kuiita hiyo imani.

Kwa hiyo namwambia, palepale, akiwa bado anajinyoosha: "Huo mlio ni gesi, kama ya vidole. Mifupa yako ilikuwa mahali pake tangu mwanzo. Kiungo kimepata mwendo, misuli imelegea, na ndiyo maana unajisikia mwepesi. Saa chache hizi zitumie: tembea, inama, geuka." Na asiposikia mlio, namwambia pia kwamba kukosekana kwake hakumaanishi kazi imeshindikana, maana wapo wanaoshuka kitandani wamenuna kwa sababu hawakusikia chochote.

Sikuona nafuu ikipungua. Niliona maswali yakiongezeka, na maswali nayahesabu kama dalili njema.

Lugha ya mfupa uliotoka tumeirithi. Mwaka 1895, mjini Davenport katika jimbo la Iowa, Marekani, Daniel David Palmer, mwanzilishi wa kairopraktiki, alimshika mgongo mfanyakazi wa usafi aliyeitwa Harvey Lillard, aliyekuwa na uziwi, akadai kwamba kusukuma pingili kulimrudishia usikivu. Kutoka hapo Palmer akajenga imani kwamba pingili zilizosogea ndizo chanzo cha magonjwa. Taaluma imetembea mbali sana tangu siku hiyo, lakini maneno yamebaki nyuma, na wagonjwa ndio wanaoyabeba.

Tumerithi pia ugomvi. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliwahi kuwakataza wanachama wake kushirikiana na watu wa kairopraktiki, na mwaka 1987 mahakama ya shirikisho ikatoa hukumu dhidi yake. Ugomvi huo unamgharimu nani? Mgonjwa. Hospitali anaficha kwamba anakuja kwetu, asije akakemewa. Kwetu anaficha dawa za hospitali. Niliwahi kugundua kwa bahati, kwa alama za bluu mkononi, kwamba mzee aliyelala kitandani kwangu anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Swali la dawa lilikuwa kwenye fomu, naye aliandika "hakuna". Tangu hapo siachii fomu peke yake. Nauliza kwa mdomo, na kabla ya kuuliza nasema: "Hakuna jibu litakalonifanya nikufukuze au nikugombeze."

## Dakika mbili

Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha utafiti ambao madaktari wengi wanaufahamu: walirekodi mazungumzo ya kliniki, wakakuta daktari anamkatiza mgonjwa kwa wastani wa sekunde 18 tangu aanze kueleza shida yake. Tunachokisahau ni utafiti uliofanyika baadaye Basel, Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2002. Madaktari kule walielekezwa wasikatize, wamwache mgonjwa aseme mpaka amalize mwenyewe. Wastani ulikuwa sekunde 92. Karibu wanne kati ya watano walimaliza ndani ya dakika mbili.

Dakika mbili tu. Na bado vidole vinaniwasha.

Maana sisi tumefunzwa kugusa. Mtu akisema "kiuno", mkono umeshaanza kwenda. Nimejilazimisha kukaa, mikono juu ya mapaja, bila kalamu. Jambo la muhimu mara nyingi linakuja baada ya ukimya wa kwanza, pale unapodhani amemaliza. Mtu amesema kiuno, amesema mguu, amenyamaza, nami nimenyamaza, halafu anasema kwa sauti ya chini kwamba siku hizi akienda haja ndogo hajui kama amemaliza.

Sentensi hiyo inabadilisha kila kitu. Ganzi sehemu za siri na mapaja ya ndani, mkojo unaokataa kutoka au usiozuilika, miguu inayolegea, ni dalili za mishipa ya fahamu iliyobanwa sehemu ya chini ya uti wa mgongo, na mtu huyo anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Simgusi. Naandika barua ya rufaa, napiga simu mwenyewe, nasubiri naye mpaka apate usafiri. Na haya ni mambo ya aibu. Hakuna anayeyatamka kwa mtu aliyeshika kalamu na anayetazama saa.

Naamini kabisa kwamba usalama wa kazi yetu unaanzia kwenye ukimya ule, kabla ya ustadi wowote wa mikono.

## Shingo

Mgonjwa akilala kifudifudi, uso wake unaingia kwenye tundu la kitanda. Jaribuni siku moja kulala hapo, ninyi mnaofanya kazi hii. Unachokiona ni sakafu na ncha za viatu vya mtu mwingine. Mikono inakuja kutoka juu, huijui saa wala mahali. Ndiyo maana siku hizi natangulia kusema kila mguso: sasa nagusa chini ya bega la kushoto, sasa nitasukuma, ukitaka niache sema basi.

Shingo inadai zaidi ya hapo. Nasema ninachotaka kufanya na kwa nini. Nasema kwamba kesho anaweza kuamka na uchungu wa misuli, unaoisha kwa siku moja au mbili. Kisha nasema lile ambalo wengine wetu hulikwepa: mara chache sana, baada ya shingo kusukumwa, imeripotiwa mishipa ya damu ya shingoni kuchanika na mtu kupata kiharusi. Na kwamba mshipa unaochanika wenyewe huanza kwa maumivu ya shingo na kichwa, kwa hiyo wapo wanaokuja kwetu tatizo likiwa limeshaanza, na ni vigumu kujua kilichosababisha. Namwambia zipo njia nyingine, mazoezi na kukanda kwa upole, bila kusukuma.

Jibu la wengi ni lile lile. "Fanya tu, daktari, wewe ndiye unayejua."

Zamani sentensi hiyo ilinipa fahari. Leo inanisimamisha. Anayeisema anaweza kuwa ananiheshimu, anaweza kuwa amechoka, anaweza kuwa anaona aibu kukataa mbele ya mtu mwenye cheo. Hakuna kati ya hizo iliyo ridhaa. Kwa hiyo nauliza kwa njia nyingine: "Kati ya njia hizi mbili, ungependa tuanze na ipi?" Hapo lazima achague. Wengine wanachagua kutoguswa shingo, na nimekuja kugundua kwamba hao ndio wanaorudi na kunieleza mambo mengi zaidi. Walijaribu "hapana" yao kwangu, wakaona haikuwagharimu kitu.

Kuna mwenzangu anayesema maelezo yote haya yanamtia mtu hofu, na kwamba hofu yenyewe inadhuru. Ana hoja. Namna ya kusema ina uzito: ukilitaja jambo la nadra kwa sauti nzito na mwisho wa mazungumzo, ndilo atakaloondoka nalo. Mimi nalitaja katikati, kwa sauti ya kawaida, na ninamalizia kwa yale anayoweza kuchagua. Lakini kutolitaja kabisa siwezi. Shingo ni yake.

## Ukifika nyumbani

Nusu ya tunachokisema kinabaki chumbani. Roy Kessels, katika mapitio aliyochapisha mwaka 2003, aliandika kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo ya kitabibu husahaulika mara moja. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni nyingi mno. Kisha nikaanza kuwauliza wagonjwa wangu kabla hawajavaa viatu: "Ukifika nyumbani wakakuuliza umeambiwa una nini, utawajibu nini?"

Majibu yamenifundisha kuliko semina yoyote. Nimetumia robo saa kueleza kwamba misuli imekaza na kiungo kimekakamaa, kwamba hakuna kilichotoka wala kubanwa, mtu anatikisa kichwa muda wote, halafu anajibu: "Nitawaambia diski imetoka."

Hakuwa hasikilizi. Alikuja na hadithi yake ya zamani, na maneno yangu yalipita juu yake bila kuingia. Sasa naanza upande wa pili: nauliza kwanza yeye anadhani nini kinaendelea mgongoni mwake, na nani alimwambia. Nikishajua picha aliyonayo kichwani, naweza kuigusa. Mama wa bahasha ya kaki aliporudi, aliniambia kwamba dada yake alimkataza kuinama, naye akapiga magoti sebuleni na kumwonyesha lile zoezi. Alikuwa amepata kitu cha kujibu.

## Mara ngapi?

Swali linalojenga imani au kuibomoa kuliko yote huulizwa mlangoni, mkono ukiwa kwenye pochi. "Nije mara ngapi?"

Zipo kliniki zinazouza vipindi kwa mafungu, vinalipwa mwanzoni, hata kabla mtu hajajua kama tiba inamfaa. Sipendi utaratibu huo na sitajifanya sina msimamo. Maumivu mengi ya kiuno yanayokuja ghafla hupungua yenyewe ndani ya majuma machache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaitaja tiba ya kusukuma uti wa mgongo kama mojawapo ya njia zinazoweza kutolewa, pamoja na elimu na mazoezi. Ni mojawapo. Anayemfunga mgonjwa kwa vipindi vingi vya siku za usoni anamuuzia pia nafuu ambayo mwili ungejiletea bure.

Ninachofanya ni kumwomba mgonjwa achague jambo moja analotaka kulifanya tena: kufunga kamba za viatu akiwa amekaa, kumbeba mjukuu, kulala usiku bila kuamka. Tunaliandika. Baada ya vipindi vichache tunaliangalia pamoja. Likiwa limesogea, tunapunguza vipindi. Likiwa halijasogea, namwambia wazi kwamba mikono yangu haijamsaidia, tuangalie kwingine.

Nilitarajia wafurahi. Baadhi wanafurahi. Wengine wanauliza, sura imebadilika: "Kwa hiyo nisirudi?" Wanasikia kwamba wanafukuzwa.

Mmoja wao alihamia kwingine. Tulikutana njiani, tukasalimiana vizuri, akaniambia bila kinyongo kwamba huko anaonwa kila juma, na mhudumu wa mapokezi anajua majina ya watoto wake. Mgongo wake uko vile vile, alisema, lakini anajisikia anaangaliwa.

Nimemfikiria sana. Ni rahisi kusema anadanganywa, lakini anapata pale kitu ambacho mimi, pamoja na maelezo yangu yote ya kweli, sikumpa. Nilimweleza, nikamruhusu, nikafunga faili. Kwa mtu anayeishi na maumivu ya muda mrefu, kuruhusiwa kunaweza kufanana sana na kuachwa.

Nimeanza jambo dogo. Majuma mawili baada ya kipindi cha mwisho napiga simu, mimi mwenyewe, bila malipo, kuuliza juu ya lile jambo moja tulilokuwa tumeliandika: kamba za viatu, mjukuu, usingizi. Simu nyingi hazimalizi dakika tatu. Kama zitatosha kwa mtu kama yule bado sina jibu. Jina lake limo kwenye orodha ya juma lijalo, ingawa si mgonjwa wangu tena, nami nitamuuliza kama anaona vibaya nikimpigia.